Mteja akisema "subiri, usinivute": niliyoongea Jumamosi kuhusu tamthilia

Kwa mliokosa Jumamosi, na najua wengi mlikwama Jangwani maji yamejaa barabara imefungwa, haya ndo niliyoongea pale Tandika, yote. Mdogo wangu alinirekodi kwa simu, mi nimekaa naandika ninavyosikia. Makofi na yule mtoto aliyelia nimeviruka.

Asanteni, kaeni jamani, kaeni. Nyie wa mlangoni ingieni mvua isiwapige, viti vipo huku mbele, msiogope hamna atakayewauliza maswali.

Ndugu zangu, mi sijasomea haya mambo, niseme mapema ili mtu asije akaniuliza habari za kamera. Aliyenialika aliponipigia nikamwambia kaka umekosea namba, mi msusi, ntaongea nini na watu wanaoandika skripti? Akasema we njoo tu. Basi usiku nikawaza, nikaona kumbe ana hoja, maana huu mwaka wa 19 nasuka watu mbele ya tivii. Nyie wote mnaangalia tivii. Mi naangalia wanaoangalia tivii. Nasimama nyuma ya kichwa cha mtu masaa matano, sita kama rasta ni nyembamba, vidole vyangu viko kwenye ngozi ya kichwa chake, na nawaambieni kichwa kinaongea. Tamthilia ikiwa mbovu kichwa kinalegea, kinainamia simu, mteja anaanza kuniuliza nyanya siku hizi bei gani Buguruni. Ikiwa nzuri shingo inasimama kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake, na ukijisahau ukamgeuza kichwa anakwambia "subiri, usinivute."

Hicho ndo kipimo changu. Sina kingine. Subiri, usinivute.

Sasa swali nililokuja nalo. Kwa nini? Kwa nini tivii ile ile, saluni ile ile, wateja wale wale, tamthilia moja inawanyamazisha mpaka naombwa nizime draya, na nyingine inapita kama tangazo la sabuni?

Wengi hapa mtasema hela. Nimewasikia hapo nje, eti dada tukipata bajeti kama ya Waturuki utatuona. Mi nakataa. Zanzibar tivii walikuwa nayo tangu 1973, sisi huku bara tumekuja kuipata 1994, na mtaa wetu mzima ilikuwepo moja, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafanya kazi bandarini. Maigizo ya kile kikundi cha Kaole yakianza ITV tunajaa dirishani, ndani wamekaa watoto wa mwenye nyumba, sisi wengine nje tumening'inia kwenye nondo, mbu wanatula, na maigizo yenyewe sebule moja, kochi moja, sauti inakuja pamoja na jogoo wa jirani. Bajeti gani hapo? Kuna aliyeondoka? Hakuna aliyeondoka. Na nimeona za farasi mia na magauni ya kung'aa, mteja kalala chini ya draya mate yanamtoka. Hela tuiweke pembeni.

La kwanza nililoliona ni siri, na hapa mnisikilize vizuri maana mnakosea karibu wote. Nyie mkiandika mnamficha mtazamaji. Mnamficha, mnamficha, mnamficha, alafu episodi ya mwisho mlango unafunguliwa, kumbe yule mdada ni ndugu yake baba mmoja! Muziki, duuum. Haya, nimeshtuka. Nimeshtuka sekunde mbili, nikarudi kwenye ukili wangu. Lakini ungeniambia mwanzoni kabisa, mimi peke yangu, kwamba hawa wawili ni damu moja na wenyewe hawajui, alafu leo nawaona wanapeana namba za simu kituo cha daladala? Mama yangu! Wiki nzima silali. Naenda sokoni nawaza wale watoto.

Nawapa mfano. Mnaikumbuka ile ya Kituruki ya Sultan Suleiman, iliyotiwa sauti za Kiswahili? Waturuki waliitoa kwao 2011 mpaka 2014, huku kwetu ikaja baadae. Saluni kwangu ikifika muda wake hata muuza karanga anaweka beseni chini. Kuna mtoto mkubwa wa Suleiman anaitwa Mustafa, na kuna Hurrem ambae si mama yake, anataka kiti kiende kwa wanae yeye. Na kule kwao mkirithi kiti hamgawani kama shamba, mmoja anakaa na wengine shingo zao ziko hatarini. Sasa siku moja kaja binti wa chuo, namsuka twende kilioni, anatuona tunavyobishana Mustafa atatawala hatatawala, akatoa simu yake akasema nyie mnahangaika nini, huyu anauawa, baba yake mwenyewe ndo anatoa amri, mwaka 1553, ipo kwenye historia hii.

Saluni ililipuka! Kuna mama mmoja mtu mzima, nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama ufagio, akanyanyuka akamwambia yule binti "wewe hukufundwa." Mi nikawaza basi, huyu mtoto kaniharibia biashara, kesho hamna atakaekuja kuangalia kitu ambacho mwisho wake anaujua.

Jamani. Kesho yake walikuja mpaka wasiosuka. Maana sasa hivi kila Mustafa akicheka na baba yake, mtu anashika mdomo. Akiinama kumbusu baba mkono, mtu anasema "mwanangu kimbia." Kilichobadilika ni nini? Sura zile zile, majumba yale yale. Tulijua, na yeye hajui, na hatuna pa kumpigia simu. Siku yenyewe ya kunyongwa luku ikaisha, nawaambia ukweli wa Mungu, wateja walichanga hela wenyewe, mia tano mia tano, mmoja akatoa elfu mbili, tukanunua umeme ndani ya dakika tatu. Mtu kanyongwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, mama wa Tandika bado anamchangia luku.

Sasa we na mlango wako unaofunguliwa mwisho, duuum, nani alikuchangia luku?

Mnacheka, lakini mkaandike hilo. Mpeni mtazamaji kitu cha kujua alafu muacheni ateseke nacho. Sisi tumekulia uswahilini, vyumba sita choo kimoja, tunajua mume wa chumba cha nne anapita wapi kabla hajaingia ndani, na mkewe anatusalimia asubuhi anacheka. Huo mzigo kila mtu hapa ameshawahi kuubeba. Tamthilia inayokufanya uwe mpangaji wa nyumba hiyo, utaiacha uende wapi?

Haya, tuje kwa adui.

Wadogo zangu wengine mlikuwa hamjazaliwa. Radio Tanzania 1993 walianzisha mchezo unaitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Redio, najua, sio tivii, lakini mnivumilie. Mchezo ule uliletwa kufundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi, yani kwa lugha nyingine ni mhadhara, na mhadhara nani anasikiliza? Sisi tulisikiliza kwa sababu ya Mkwaju. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mkewe anaitwa Tunu, na kila lori linaposimama njiani ana mwanamke. Mtu mbaya kabisa. Na mi nilimpenda, Mungu anisamehe, nyumbani kwetu wote tulimpenda tukiwa tunamtukana. Baba yangu mdogo akirudi usiku wa manane bibi anamwambia "Mkwaju, umefika?" na baba mdogo anaona aibu kuliko angetukanwa. Siku Mkwaju alipokuja kuumwa, kwetu hakuna aliyesema amekoma. Bibi alizima redio akakaa na giza.

Mnaona walichofanya? Hawakumuweka jambazi. Walimuweka mtu tunaemjua, kila familia ina wake, na akaponzwa na vitu vinavyomponza mtu wa kawaida. Cherel naye, wa Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyoanza 1998 ikaja kuisha 2020, yule mwanamke muuaji hasa, lakini nina mteja wangu kamwita paka wake Cherel na anampenda yule paka kuliko shemeji yake.

Sasa njooni kwa maadui wenu. Adui wenu kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Amekaa kwenye gari anacheka peke yake, ha ha ha, anaongea na simu "kazi imekamilika bosi?" Huyu mtu hana mama? Haumwi hata tumbo? Hana mwanae anaedaiwa ada? Anafanya ubaya kwa sababu skripti imemwambia afanye ubaya, na mteja wangu anajua, kichwa kinalegea pale pale nakisikia. Mpe sababu, hata ya kijinga. Mpe kitu anachokiogopa. Mi nikimuelewa adui alafu bado nikamchukia, hapo umenishika, kwa sababu hapo najiogopa na mimi mwenyewe.

Sauti inakatika? Haya, hii sasa inasikika? Nyuma huko mnanisikia? Sawa.

Nataka niwaambie ya Doudou. Hii nikiikumbuka nasikia harufu ya dawa ya nywele.

2011, TBC walionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, ya Mao Doudou. Yule binti ni nesi, kaolewa, na mume wake wazazi waliachana baba akaoa tena, kwa hiyo Doudou ana mama wakwe wawili. Wawili! Mama mkwe mmoja tu anatosha kukurudisha kwenu na begi, huyu kapewa wawili na hawapatani. Hamna farasi humo, hamna bastola. Mtu anapika, mtu anasusa chakula, mtu ananuna, mume yuko katikati kama kanda mbili. Basi.

Nilikuwa na mteja, ntamuita mama fulani maana watoto wake wako hapa mtaani, ana miezi minne kwenye ndoa, anaishi kwa wakwe. Kaja kuweka dawa. Nyie wanaume hamjui, dawa ya kunyoosha nywele ina dakika zake, zikipita unatakiwa ukaoshwe, usipooshwa inaunguza ngozi. Nikamwambia dada muda umefika twende sinki. Akasema subiri. Doudou alikuwa jikoni, mama mkwe kasimama mlangoni, hajasema neno, anaangalia tu mboga inavyokatwa. Nikamwambia dada dawa. Akasema "inauma najua, subiri." Machozi yanamtoka, anajipepea kichwa na kanga, na macho hayatoki kwenye ile mboga. Mi nikamvuta kwa nguvu jamani, ningefanyaje, na aliondoka na kidonda kama shilingi hapa nyuma ya sikio, hela yake nilimrudishia.

Wiki iliyofuata karudi na kidonda chake kuangalia. Nikamuuliza siku ile uliona nini pale. Akaniambia "dada, nilitaka kumuona anajibu nini, maana mi jana yake nilisimamiwa hivyo hivyo nikashindwa kujibu."

Mchina wa Beijing na binti wa Tandika! Na sio huyo peke yake, maana rais wa China Xi Jinping alipokuja hapa Dar Machi 2013, akahutubia pale ukumbi wa Mwalimu Nyerere, aliitaja Doudou kwenye hotuba yake, rais mzima. Urafiki wa reli ya TAZARA tunaujua wote, mi nilikuwa sijui kama urafiki wa mama mkwe nao upo.

Kwa hiyo msiniambie watu wanataka vitu vya kwao tu, au watu wanataka vya nje tu. Mtu anataka akutane na kitu kinachomkera nyumbani kwake, akione kwa mtu mwingine, alafu aone huyo mwingine anajibu nini. Peru mwaka 1969 walikuwa na tamthilia inaitwa Simplemente María, dada wa kazi katoka mkoani kaja mjini, katiwa mimba na mtoto wa tajiri akaachwa, akajifunza kusoma usiku, akajifunza cherehani, akatoka kimaisha. Kule mauzo ya cherehani yalipanda, na siku walipokuwa wanarekodi sini ya harusi yake kanisani Lima, watu kama elfu kumi walijaa nje, wengine wamebeba zawadi. Zawadi za harusi ya maigizo! We unafikiri wale hawakujua kama ni maigizo? Walijua vizuri sana. Ila wangapi kati yao walikuwa ni dada wa kazi, na nani aliwahi kuwapelekea wao zawadi?

Nyamazeni kidogo, namalizia, naona watu wanaangalia masufuria.

Sasa kuna vitu vinavyofukuza, na hapa sitamung'unya maneno. Gari. Gari linatoka getini, linakata kona, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anaangalia kushoto, anatembea mpaka ndani, dakika tatu zimekwisha hajasema kitu, ndani anasema "nimefika." Tumeona! Mtu kaamka saa kumi na moja alfajiri na kope za bandia na lipstiki. Mezani wali, kuku, juisi, matunda, watu sita wanaongea nusu saa hamna anaekula, uswahilini kwetu wali haufanyiwi hivyo. Na mahubiri, yani mtu anamuwekea mwenzake mkono begani anamuelezea madhara ya ulevi kama kipeperushi cha zahanati, nimeshawaambia ya Mkwaju, msinirudishe huko.

Ila mtazamaji anasamehe mengi, hilo nalo mlijue. Hurrem, yule dada wa mwanzo aliyemuigiza aliondoka 2013 kabla haijaisha, wakaweka mwanamke mwingine kabisa, sura nyingine, sauti nyingine. Wateja wangu walilalamika wiki mbili, "huyu sio Hurrem, huyu shangazi yake." Wiki ya tatu kimya. Sura imebadilika lakini lile swali bado lipo, wanae watapona au hawatapona?

Wasichosamehe ni kudanganywa. Ukiniahidi kitu ukakisahau, sirudi. Steringi kapigwa risasi kifuani, kazikwa, tumelia, sizini ya pili kaja na ndevu, eti alikuwa Mwanza. Mnatuonaje?

Sasa la mwisho na hili sikupanga kulisema. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kikundi hiki aliniletea skripti yake niisome. Mi kusoma peke yangu sina muda, kwa hiyo niliwasomea wateja kwa sauti, mkono mmoja nimeshika karatasi mkono mmoja kitana, huku tivii nimeizima. Na nawaambia ilikuwa nzuri. Yule mdada muuza mihogo, anajua mume wa dada yake ana familia nyingine Mbagala, na dada yake anamkabidhi yule mume akiba yake yote akajenge. Nikiwa nasoma hapo mteja wangu wa mihogo hasa, yani anauza kweli pale stendi, akanishika mkono akasema subiri.

Alafu ukurasa wa 22 yule mdada anaenda Kariakoo anakodi fremu, milioni nne kodi ya mwaka, analipa taslimu. Mteja wangu akauliza, "Hela kapata wapi?" Nikageuza ukurasa. Nikageuza mwingine. Nikafika mwisho. Hamna. Akasema "mi nauza mihogo mwaka wa nane," hakuongeza neno, kichwa kikainama kwenye simu.

Kijana wangu nakuona, mstari wa tatu, shati la kijani, usijifiche nyuma ya mwenzio. Yule mama kapita juzi ananiuliza tena, hivi yule mdada hela alizipata wapi, nikamwambia mwandishi anakuja kukujibu. Alhamisi saa nne anakuja kufumua, njoo na jibu.